Vitabu vya Chama Vikifichwa: Uwezo wa Kamishna wa Ushirika wa Kudai Hesabu na Maelezo

Mtu akiweka fedha zake katika chama cha ushirika, huwa amewakabidhi watu wachache kazi ya kuzitunza. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina huchaguliwa na wanachama, nao ndio wenye funguo za sanduku na ndio waandikao vitabu. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa kwa uaminifu. Lakini yako maswali ambayo huulizwa katika vyama vingi. Je, halmashauri ikikataa kuonyesha vitabu, ni nani awezaye kuilazimisha? Mweka hazina akinyamaza, ni nani awezaye kumtaka aseme? Na mtu aliyetuhumiwa bila kosa, ni kitu gani kimlindacho?

Somo hili laeleza majibu ya maswali hayo kwa kadiri ya sheria ya Kenya. Mfano wake umechukuliwa kwa mkulima wa Chekalini, lakini laweza kumfaa pia mfanyakazi wa mjini ambaye kila mwezi hukatwa sehemu ya mshahara wake kwa ajili ya akiba.

CHEKALINI NA USHIRIKA

Chekalini ni wadi ya Lugari, upande wa kaskazini wa Kaunti ya Kakamega. Ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Katika miaka ya 1960, wakati wa Uhuru, mashamba makubwa ya walowezi katika eneo la Lugari yaligawanywa, na Waafrika wakapewa ardhi katika skimu za makazi. Mwenye kupewa shamba alipewa pia deni, kwa kuwa ardhi ililipiwa kwa mkopo wa serikali.

Katika skimu za namna hiyo chama cha ushirika kilikuwa na kazi nyingi. Ndicho kilichouza mazao, na mara nyingi ndicho kilichokata sehemu ya mkopo kutoka katika malipo ya mkulima kabla hajaziona fedha zake. Kwa hiyo mkulima wa skimu alijifunza mapema kwamba kalamu ya karani yaweza kumwongezea au kumpunguzia. Lita moja ya maziwa isiyoandikwa ni lita iliyopotea, na malipo ya deni yasiyoandikwa ni deni ambalo bado lipo.

Mambo mengi yamebadilika tangu siku zile, lakini jambo hilo halikubadilika. Mwenye ng'ombe wawili, mwalimu wa shule na mwenye pikipiki ya abiria, wote waweza kuwa wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, na wote hutegemea vitabu ambavyo hawaviandiki wao wenyewe. Ndiyo maana wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

ASILI YA UWEZO HUU

Uwezo wa serikali wa kuingia katika chama na kudai vitabu haukuanza jana. Sheria ya vyama vya ushirika ya Uhindi ya mwaka 1912 ilisema kwamba Msajili aweza kuchunguza hali ya chama kwa hiari yake mwenyewe, au kwa ombi la mtawala wa wilaya, au la wengi wa halmashauri, au la theluthi moja ya wanachama. Ikasema pia kwamba wakubwa wa chama na wanachama wote ni lazima watoe maelezo watakayotakiwa. Fikira hiyo ilienea katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza. Tanganyika ilipata sheria yake ya ushirika mwaka 1932. Kenya ilikuwa na sheria ya mwaka 1931, ambayo kwa kweli iliwafaa zaidi wakulima wa Kizungu. Sheria ya mwaka 1945 ndiyo iliyofungua mlango kwa vyama vya wakulima wa Kiafrika.

Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1966 ilimpa Kamishna wa Ushirika mkono mrefu sana. Maofisa wake waliweza kuzuia matumizi ya chama na hata kutia sahihi ya pili katika hundi. Wanachama wengi walinung'unika kwamba chama chao kimekuwa kama idara ya serikali. Mwaka 1997 Bunge lilipitisha sheria mpya, na serikali ikaondoa mkono wake katika kazi za kila siku. Vyama vikaachwa vijitawale.

Uhuru huo ulikuwa na faida yake, lakini ulikuja kwa ghafula. Katika vyama vingi viongozi walikopa bila idhini ya wanachama, wakauza mali ya chama, au wakakawiza uchaguzi. Mwaka 2004 sheria ikarekebishwa, na sehemu ya usimamizi wa serikali ikarudishwa. Basi historia hii yaonyesha pande mbili za jambo moja: serikali ikishika kila kitu, mwanachama huwa mgeni katika chama chake, nayo ikiachilia kila kitu, mwizi hupata nafasi. Sheria ya 1997, pamoja na marekebisho ya 2004, ilijaribu kutafuta njia ya katikati.

SHERIA YASEMA NINI

Maneno yaliyo muhimu zaidi yamo katika kifungu cha 58 cha sheria ya 1997. Kifungu hicho chasema kwamba uchunguzi wa chama waweza kuanzishwa kwa njia tatu:

1. Kamishna aweza kuamua mwenyewe kuchunguza.

2. Waziri aweza kumwagiza Kamishna achunguze, naye hana budi kutii.

3. Wanachama waweza kuomba. Ombi hilo likiungwa mkono na wanachama wasiopungua theluthi moja ya wale waliohudhuria na kupiga kura katika mkutano uliotangazwa kama ipasavyo, Kamishna hana budi kuchunguza.

Kamishna aweza kwenda mwenyewe, au aweza kumtuma mtu mwingine kwa barua ya idhini. Mambo yatakayochunguzwa ni kanuni za chama, utendaji wake na hali ya fedha zake. Uchunguzi ukianza, wakubwa wote wa chama na wanachama wote ni lazima watoe fedha taslimu, hesabu, vitabu, hati na dhamana za chama, na kueleza habari za chama kwa kadiri mchunguzi atakavyotaka. Kumnyima mchunguzi vitu hivyo kwa makusudi, au kumpa habari za uongo, ni kosa ambalo mtu aweza kushtakiwa kwalo.

Iko njia nyingine katika kifungu cha 60. Hiyo ni ya mtu anayekidai chama. Akionyesha kwamba deni lake ni la kweli, kwamba muda wa kulipwa umefika, na kwamba ameomba kulipwa asilipwe, aweza kumwomba Kamishna vitabu vya chama vikaguliwe.

HESABU YA THELUTHI

Watu wengi hukosea katika jambo la theluthi, kwa hiyo yafaa lielezwe kwa mfano. Chukua chama cha maziwa chenye wanachama 240. Mtu aweza kudhani kwamba ombi la uchunguzi lataka kura 80, yaani theluthi ya wanachama wote. Sivyo. Hesabu hufanywa kwa wale waliohudhuria na kupiga kura. Wakija wanachama 90 na wote wakapiga kura, theluthi yao ni 30. Kura 30 zikitaka uchunguzi, zatosha, hata kama wengine 60 wamekataa.

Mtu aweza kushangaa, kwa kuwa katika mambo mengine ya chama walio wengi ndio washindao. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Halmashauri iliyoharibu fedha yaweza kuwa na ndugu, marafiki na wadeni wengi katika mkutano. Kama vitabu vingefunguliwa kwa idhini ya walio wengi tu, mwenye kosa angehitaji kuwapendeza nusu ya watu ili kosa lake lisionekane kamwe. Kwa hiyo sheria imewapa wachache haki ya kujua. Haikuwapa haki ya kuhukumu.

Lakini haki hiyo ina masharti yake. Mkutano lazima uwe umetangazwa kama ipasavyo. Watu waliokutana chini ya mti bila tangazo si mkutano wa chama. Kumbukumbu za mkutano nazo hazina budi kuonyesha waliohudhuria ni wangapi, waliopiga kura ni wangapi, na waliotaka uchunguzi ni wangapi. Ombi lisilo na hesabu hizo laweza kukawia au kukataliwa, wala si kwa kuwa wanachama wamekosa haki. Ni kwa kuwa wamekosa uthibitisho.

Tena mtu asiombe uchunguzi kwa chuki tu. Uchunguzi una gharama, na sheria yampa Kamishna uwezo wa kuamua gharama hizo zitalipwa na nani.

VITABU HUSEMA NINI

Mchunguzi afikapo katika ofisi ya chama, jambo la kwanza ni kuonyesha barua yake ya idhini. Baada ya hapo hutaka fedha zilizomo sandukuni zihesabiwe mbele ya watu. Hufanya hivyo mapema kwa sababu fedha zilizopungua leo zaweza kujazwa kesho kwa mkopo wa jirani, kisha zikarudishwa kwa mwenyewe siku ya pili.

Halafu hutaka hati. Nazo ni kitabu cha fedha, leja za wanachama, stakabadhi, hati za malipo, taarifa za benki, kitabu cha ghala, mikataba ya mikopo na kumbukumbu za mikutano. Katika siku hizi ambapo fedha nyingi hupita kwa simu na hesabu nyingi huwekwa katika kompyuta, hutaka pia kuona habari hizo.

Huenda mweka hazina akajibu, "Bwana Mkaguzi, vitabu viko nyumbani kwa katibu, na katibu amesafiri." Mchunguzi mwenye adabu hatagombana naye. Atasema, "Haya, Mzee. Tafadhali niandikie hapa ni vitabu gani viko kwake, alivichukua siku gani, na kwa idhini ya nani. Kisha utie sahihi." Mara nyingi maneno hayo machache hufaa kuliko makelele, kwa kuwa mtu akishaandika jibu na kulitia sahihi, jibu hilo nalo huwa hati.

Faida ya kudai hati nyingi pamoja huonekana kwa mfano. Kitabu cha fedha cha chama chaonyesha kwamba magunia 40 ya chakula cha ng'ombe yalinunuliwa kwa shilingi 2,100 kila gunia, jumla shilingi 84,000. Hati ya malipo ipo, na sahihi zote zipo. Taarifa ya benki nayo yaonyesha kwamba shilingi 84,000 zilitoka. Mtu akitazama vitabu hivyo viwili ataona kila kitu kimekaa sawa. Lakini kitabu cha ghala kinapofunguliwa, chaonyesha kwamba siku ile yalipokelewa magunia 25 tu. Magunia 15 hayakufika, nayo thamani yake ni shilingi 31,500.

Hapo ndipo ushuhuda wa watu unapohitajiwa. Mtunza ghala huulizwa: Je, alikosea kuandika, au magunia hayakuja? Mwenye gari huulizwa alipakia mangapi. Mweka hazina huulizwa aliona nini kabla ya kulipa. Pengine yataonekana kwamba magunia 15 yalikuja juma lililofuata na yakaandikwa katika ukurasa mwingine. Pengine itaonekana kwamba hayakuja kamwe. Vitabu peke yake vyaweza kumwonea mtu, na maneno peke yake yaweza kudanganya. Vikikutanishwa, ukweli haukai mafichoni muda mrefu.

Mwanachama wa kawaida hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Yeye aweza kuona kwamba malipo yake yamepungua, lakini kati ya kushuku na kuthibitisha kuna daftari la ghala lililofungiwa kabatini. Uwezo wa Kamishna ndio ufunguo wa kabati hilo.

MATOKEO YA UCHUNGUZI

Ripoti ya uchunguzi haiandikwi ili ikae katika meza ya ofisa. Sheria yasema kwamba Kamishna ataieleza katika mkutano mkuu wa chama, na atatoa maagizo ya kutimiza mashauri yaliyomo. Kwa hiyo wanachama wanayo haki ya kuisikia ripoti yenyewe, wala si uvumi wake.

Kamishna akiridhika, baada ya uchunguzi wa haki, kwamba halmashauri haifanyi kazi yake vema, aweza kuivunja na kuweka halmashauri ya muda ya wanachama wasiozidi watano, kwa muda usiozidi siku 90. Tena, kwa kifungu cha 73, mtu aliyetumia vibaya fedha au mali ya chama aweza kuamriwa kurudisha pamoja na riba, au kulipa fidia. Amri hiyo yaweza kutolewa hata kama jambo lenyewe ni kosa la jinai kwa sheria nyingine. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba akishitakiwa mahakamani amekwisha kusamehewa deni la chama.

MIPAKA YA UWEZO HUU

Uwezo mkubwa usio na mipaka ni hatari kama sanduku lisilo na kufuli. Ndiyo maana sheria imeweka mipaka.

Kwanza, mchunguzi aliyetumwa lazima awe na idhini ya maandishi. Mtu ajaye bila barua hana haki ya kuchukua daftari hata moja, na halmashauri yaweza kumwambia hivyo kwa heshima.

Pili, vitu atakavyodai ni vya chama, na maelezo atakayotaka ni ya mambo ya chama. Hakutumwa kupekua maisha ya mtu nyumbani kwake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yalinda faragha ya kila mtu katika kifungu cha 31.

Tatu, mtu anayetuhumiwa lazima apewe nafasi ya kujieleza. Kifungu cha 47 cha Katiba chasema kwamba kila mtu ana haki ya kutendewa kwa haki na maofisa wa serikali, na kuelezwa sababu kwa maandishi kama uamuzi wao utamdhuru. Hata kabla ya Katiba hiyo, mwaka 1999, Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kesi ya Kamishna wa Ushirika na chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa majani chai wa Kirinyaga. Katika hukumu ile majaji walieleza kwamba hakuna sheria impayo mtu uwezo ili autumie ovyo au kwa nia mbaya. Neno hilo lawahusu maofisa wote, wakubwa kwa wadogo.

Nne, uchunguzi si mahakama. Mchunguzi hawezi kumfunga mtu jela. Akiona dalili za wizi, jambo hilo hupelekwa kwa polisi na kwa waendesha mashtaka. Mtu akikamatwa au akishitakiwa, Katiba katika vifungu vya 49 na 50 yampa haki ya kunyamaza na haki ya kutolazimishwa kutoa ushahidi wa kujitia hatiani. Hapa ndipo watu huchanganya mambo mawili. Mweka hazina hawezi kusema, "Nina haki ya kunyamaza, kwa hiyo sitatoa kitabu cha fedha," maana kitabu kile si chake. Ni cha chama. Lakini akiona kwamba maswali yamegeuka kuwa ya jinai juu yake mwenyewe, ni halali yake kutafuta shauri la wakili.

Tano, iko njia ya rufani. Aliyeamriwa kulipa fedha kwa kifungu cha 73 aweza kukata rufani mbele ya Baraza la Hukumu za Ushirika katika muda wa siku 30, na asiporidhika aweza kwenda Mahakama Kuu. Siku hizo zikipita bila kufanya lolote, ni vigumu kuzirudisha.

MFANO ULIOTIKISA NCHI

Faida ya kudai hati za asili ilionekana waziwazi katika habari za KUSCCO, ambacho ni chama kikuu cha vyama vya akiba na mikopo vya Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1973. Vyama vingi vidogo vilikuwa vimeweka fedha zao humo, na nyuma ya kila chama kidogo walikuwako wakulima, walimu na wafanyakazi ambao pengine hawakupata kulisikia jina lake.

Mwaka 2024 serikali iliingilia kati, na hesabu za KUSCCO zikachunguzwa kwa undani na kampuni ya wakaguzi ya PwC. Mwezi wa Februari 2025 habari za ripoti hiyo zilitangazwa na Waziri wa Ushirika, Bwana Wycliffe Oparanya, ambaye alikuwa Gavana wa Kakamega tangu 2013 hadi 2022. Ripoti ilisema kwamba kiasi cha shilingi bilioni 13.3 kilikuwa kimepotea. Katika mambo iliyoyataja, limo hili: hesabu za chama zilikuwa zimetiwa sahihi ya mkaguzi ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufa.

Ripoti ya uchunguzi si hukumu, na ni mahakama tu iwezayo kusema kwamba fulani ana hatia. Lakini somo la habari hiyo lamfaa kila mwanachama. Hesabu zilizopigwa chapa vizuri na kutiwa sahihi chini yake zaweza kumridhisha msomaji kwa miaka mingi. Kinachozijaribu ni kuulizwa kwa hati zilizo nyuma yake: fedha hizi zilikwenda benki gani, kwa nani, na risiti iko wapi? Asiye na uwezo wa kudai majibu hayo huishia katika kusoma jumla iliyo mwisho wa ukurasa.

MLANGO WA KUBISHA

Vyama vyote vya fedha haviko chini ya mkono mmoja, na mtu aweza kupoteza siku nyingi kwa kubisha mlango usio wake. Vyama vya ushirika kwa jumla humhusu Kamishna wa Ushirika. Vyama vya akiba na mikopo vinavyopokea amana na kuzitoa kama benki viko pia chini ya SASRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Tangu mwaka 2021, kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2020, SASRA husimamia pia vyama ambavyo havina huduma hiyo, kama akiba za wanachama wake zimepita shilingi milioni 100. Mamlaka hiyo nayo yaweza kutuma wakaguzi kutazama vitabu na hesabu. Benki ziko chini ya Benki Kuu ya Kenya, na mambo ya hisa na dhamana ziuzwazo kwa watu wote yako chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Mwanachama wa Chekalini hana haja ya kusafiri mpaka Nairobi ili aanze. Kwa Katiba ya 2010, vyama vya ushirika vimetajwa katika kazi za serikali za kaunti, na ofisa wa ushirika wa kaunti aweza kumwonyesha njia ya kupeleka ombi lake. Tena, kwa kuwa sheria hubadilishwa na Bunge mara kwa mara, ni vema kumwuliza ofisa huyo kama vifungu vilivyotajwa hapa bado vinasomeka vivyo hivyo.

WAJIBU WA MWANACHAMA

Uwezo wa Kamishna hauna nguvu kama wanachama wenyewe wamelala. Hapana budi wafanye mambo haya:

1. Kila mtu atunze stakabadhi zake, kadi yake ya maziwa, na ujumbe wa simu wa fedha alizotuma. Vitabu vya chama vikipotea, karatasi hizo za wanachama ndizo zitakazosaidia kuandika hesabu upya.

2. Ahudhurie mkutano mkuu. Mwenye kukaa nyumbani hahesabiwi katika theluthi, wala malalamiko yake ya barazani si kura.

3. Aulize swali lake kwa utaratibu, na ahakikishe kwamba swali na jibu vimeandikwa katika kumbukumbu.

4. Asijaribu kunyang'anya vitabu kwa nguvu, wala kumtisha karani. Daftari lililonyakuliwa na kundi la watu hupoteza heshima yake kama ushahidi, kwa kuwa hakuna ajuaye limepitia mikono mingapi na limeongezwa nini.

5. Akiitwa na mchunguzi aseme aliyoyaona kwa macho yake, na ayatenge na yale aliyoyasikia kwa watu.

Viongozi wa vyama nao wana faida katika jambo hili. Mweka hazina mwaminifu hana rafiki mwema kuliko daftari lililoandikwa kila siku. Siku atakayozuliwa maneno sokoni, hatahitaji kuapa wala kugombana na mtu. Atafungua kitabu cha fedha, leja na kitabu cha ghala, aviweke mezani mbele ya mchunguzi, na kungoja hesabu ijumlishwe.